Debe Tupu Haliachi Kuvuma: Kuchagua Spika za Kompyuta zenye Sabufa kwa Darasa la Kusikiliza



Safari hii tumeamua kuzungumzia jambo ambalo ukilitazama juu juu halihusiani na Kiswahili, nalo ni namna ya kuchagua spika za kompyuta zenye sabufa kwa bei ambayo idara ndogo au mwalimu wa kawaida anaimudu. Tunaomba msituchoke mapema. Sisi hapa Kampala tumejifunza, tena kwa gharama, kwamba spika isiyofaa inaweza kumwangusha mwanafunzi katika mtihani hata kama masikio yake ni mazima na Kiswahili anakijua.

Kwanza tuelewane kuhusu istilahi. Neno kipaza sauti hutumiwa na wengine kwa kifaa cha kuzungumzia na wengine kwa kifaa cha kutolea sauti. Ili tusichanganyikiwe, hapa tutasema spika kwa maana ya kifaa cha kutolea sauti. Sabufa ni lile sanduku kubwa, ambalo mara nyingi huwekwa sakafuni, lenye kazi ya kutoa sauti nzito, yaani besi. Seti yenye spika ndogo mbili na sabufa moja huandikwa 2.1 kwenye boksi. Yenye spika mbili bila sabufa huandikwa 2.0.

Yaliyotupata

Tulikuwa na shilingi laki mbili za Uganda zilizobaki katika fungu la vifaa. Tuliingia dukani, muuzaji akatuwekea wimbo, vioo vya kabati vikatetemeka, nasi tukaridhika. Seti ilikuwa na sabufa kubwa, taa za rangi, na boksi lililoandikwa maelfu ya wati. Tulirudi chuoni tukijiona wajanja.

Wiki mbili baadaye tuliwapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza mtihani wa imla. Yalikuwa maneno thelathini, yaliyorekodiwa na walimu wawili, mwanamke na mwanamume. Waliokaa mbele walifanya vizuri. Wengi wa safu za nyuma waliandika zana badala ya dhana, samani badala ya thamani, sumbua badala ya fumbua, na saa badala ya faa. Sisi walimu hatukusita. Tulisema hiyo ni athari ya lugha ya kwanza, kwa sababu wengi wao huzungumza Luganda, na Luganda haina sauti dh wala th. Alama zikakatwa, na wanafunzi saba wakaanguka.

Mmoja wa hao saba alikuja ofisini na karatasi yake. Alituuliza swali ambalo tungepaswa kujiuliza wenyewe: "Walimu wangu, kuhusu dh nakubali. Lakini Luganda ina f na ina s, nami nazitamka tangu utotoni. Mbona hata hizo nimezikosa?" Tulimpa rekodi ileile aisikilize kwa spika za masikioni. Aliandika maneno ishirini na manane sawasawa. Tukarudia mtihani kwa wote saba kwa njia hiyo, na watano wakafaulu. Kosa lilikuwa letu, wala si la Luganda.

Sauti za Kiswahili zinakaa wapi?

Sauti ni mitetemo, na idadi ya mitetemo kwa sekunde moja hupimwa kwa hezi. Sikio zima la kijana husikia kuanzia takriban hezi 20 hadi 20,000. Sauti ya msingi ya mwanamume mzima anapozungumza huwa kati ya hezi 85 na 180 hivi, na ya mwanamke kati ya 165 na 255. Irabu hutambulika kwa nguvu zilizo juu ya hapo, nyingi zikiwa chini ya hezi 3,000. Lakini konsonanti za mkwaruzo ziko juu zaidi. Nguvu ya sh huanza kuonekana karibu na hezi 2,000, na ya s hukaa zaidi juu ya 4,000. Nazo f na th ni dhaifu kwa asili, na mkwaruzo wake umetawanyika huko huko juu.

Simu za zamani ni mfano mzuri. Zilipitisha sauti kati ya hezi 300 na 3,400 tu. Ndiyo maana mtu akitaja jina lake kwenye simu huongeza, "F ya Fatuma" au "S ya Salima", maana bila hivyo f na s zinafanana. Angalieni pia kwamba simu hizo hazikupitisha sauti ya msingi ya mwanamume, na bado tulimtambua baba kwa sauti yake. Ubongo huijenga upya sauti nzito inayokosekana. Konsonanti iliyopotea haijengwi hivyo. Katika sentensi msikilizaji hubahatisha kwa kutumia muktadha, lakini katika imla ya neno mojamoja hana pa kushika.

Sasa tuitazame sabufa. Katika seti za bei nafuu, sabufa hushughulikia sauti zilizo chini ya hezi 200 hivi. Kwa hiyo mkwaruzo unaotofautisha fumbua na sumbua, au thamani na samani, hautoki huko hata kidogo. Hubebwa wote na zile spika ndogo mbili ambazo dukani hatukuzitazama. Isitoshe, sauti nzito ikizidi hufunika sauti nyembamba kuliko nyembamba inavyoweza kufunika nzito. Besi yetu iliyotetemesha vioo ndiyo iliyozifunika konsonanti kabla hazijafika safu za nyuma.

Je, sabufa haina faida?

Hatusemi hivyo. Sabufa nzuri huzipunguzia spika ndogo mzigo wa besi, nazo zikapata nafasi ya kutoa maneno kwa uwazi. Aidha, darasa la Kiswahili si la imla peke yake. Tunapowaonyesha wanafunzi filamu, au kuwasikilizisha taarabu na ngoma, bila besi mambo hupoa. Tatizo ni seti ambayo fedha zake karibu zote zimekwenda kwenye sanduku la chini, na spika ndogo zikawa za kujazia boksi. Seti ya namna hiyo hufanya sauti ya mwanamume isikike kama anazungumza ndani ya pipa.

Kwa hiyo ushauri wetu ni huu. Kama kazi yenu ni kusikiliza mazungumzo na imla tu, basi kwa bei ileile seti nzuri ya 2.0 mara nyingi itawafaa kuliko 2.1. Kama mnahitaji filamu na muziki pia, chukueni 2.1, lakini ichagueni kwa kuzikagua spika ndogo kwanza.

Wati za boksi na wati za kweli

Kwenye maboksi mengi mtaona herufi PMPO zikifuatwa na tarakimu kubwa. Kipimo hiki hakina kanuni inayokubaliwa na wote, na kila kiwanda hupiga hesabu kinavyotaka. Tafuteni herufi RMS, ambazo huonyesha nguvu ambayo spika inaweza kuitoa mfululizo. Kwa mfano, seti ya Logitech Z313 huandikwa wati 25 za RMS, na 50 kwa nguvu ya kilele. Tofauti kati ya hesabu hizo mbili si kubwa, na mnunuzi anajua anachonunua.

Kama RMS haikuandikwa, geuzeni sabufa mtazame kibandiko cha nyuma panapoandikwa matumizi ya umeme. Kifaa kinachovuta wati 30 ukutani hakiwezi kutoa wati 3,000 mfululizo. Vivyo hivyo kwa spika zinazopata umeme kwenye kompyuta: tundu la kawaida la USB 2.0 hutoa wati 2.5 tu.

Hata hivyo, msikimbilie wati nyingi. Kuongeza wati maradufu huongeza desibeli 3 tu, na ili sikio lione sauti imekuwa kubwa mara mbili, zinahitajika takriban mara kumi ya wati. Tupige hesabu. Tuseme spika hutoa desibeli 85 kwa wati moja mtu akiwa mita moja mbele yake. Kwa wati 10 itatoa desibeli 95. Mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka maradufu hupungua desibeli 6, hivyo mita 8 nyuma zitabaki 77. Darasa lenye minong'ono na kelele za nje likiwa na desibeli 55, maneno yatazidi kelele kwa desibeli 22. Wataalamu wa usikivu darasani hupendekeza sauti ya mwalimu izidi kelele kwa angalau desibeli 15. Kumbe wati 10 za kweli zinatosha darasa la kawaida! Mvua kubwa ikinyesha juu ya mabati ni habari nyingine. Hapo ahirisheni mtihani.

Mambo ya kukagua dukani

Kwanza, nendeni na rekodi yenu kwenye flashi au simu. Msikubali kupimiwa kwa wimbo. Wekeni maneno ya jozi kama dhana na zana, thamani na samani, saa na faa, suka na fuka, yakisomwa na mwanamke na mwanamume, bila mpangilio unaotabirika. Hakikisheni rekodi yenyewe ni safi, maana spika haiwezi kurudisha kilichokatwa wakati wa kurekodi.

Pili, mmoja wenu arudi nyuma hatua kumi, ageuke asitazame, aandike anachosikia. Mlinganishe na orodha. Jaribio hili huchukua dakika tano, na lingetuokolea shilingi laki mbili.

Tatu, tafuteni seti yenye kitufe cha besi kilicho peke yake. Rudieni jaribio besi ikiwa chini kabisa, kisha ikiwa katikati. Seti isiyokuwa na kitufe hicho itawalazimisha kuishi na besi ya kiwandani.

Nne, ongezeni sauti hadi robo tatu. Ikianza kukwaruza au kupasuka, nguvu yake imekwisha. Kisha simamisheni rekodi mkaribie spika. Mngurumo mdogo wa umeme haukosekani, lakini ukisikika kutoka hatua tatu, iacheni.

Tano, pimeni nyaya. Katika seti nyingi za bei nafuu waya wa spika ndogo umeunganishwa moja kwa moja na hauwezi kubadilishwa. Ukiwa mfupi, spika zote mbili zitabanana juu ya meza ya mwalimu.

Sita, angalieni muunganisho. Plagi ndogo ya milimita 3.5 bado inatosha kwa kazi hii, ila baadhi ya kompyuta mpya za mkononi hazina tundu lake na huhitaji kiunganishi. Bluetooth ni rahisi kutumia, lakini kwenye mtihani tumieni waya. Simu ya mwanafunzi ikijiunga na spika katikati ya imla, mtajua maana ya aibu.

Saba, dai risiti na dhamana, na uliza kama vipuri vinapatikana mjini.

Kuzipanga darasani

Spika ndogo ziwekwe juu, usawa wa masikio ya waliokaa, zikiwaelekea wanafunzi, bila vitabu mbele yake. Sauti nyembamba husafiri kwa kunyooka na huzuiwa kirahisi. Sabufa yaweza kukaa chini ya meza, kwa kuwa sikio halitambui kwa urahisi besi inatoka upande gani. Lakini msiiweke pembeni mwa kuta mbili, kwani kona huongeza mvumo. Wakati wa imla, besi ishushwe hadi chini. Wakati wa filamu, ipandishwe. Na kwa sababu umeme hukatika, wekeni akiba ya spika ndogo zinazotumia betri ya kompyuta.

Kwa nini tumeyaandika haya

Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Walimu wengi tunaowafundisha leo watasimama mbele ya madarasa makubwa, wakiwa na fedha kidogo na kifaa kimoja. Tungependa wakumbuke wale wanafunzi saba. Mwanafunzi akikosea sauti, ni haki yake tujiulize kwanza kama sauti hiyo ilimfikia.

Sisi tulinunua seti nyingine kwa shilingi laki moja na nusu. Haina taa na haitetemeshi kitu, lakini safu ya nyuma sasa inaandika thamani. Ile ya kwanza tumeipeleka kwa kundi letu la maigizo, ambako inatoa ngurumo ya radi vizuri sana.

Tunawatakia ufundishaji mwema. Walio na uzoefu wao kuhusu vifaa vya kusikilizia wanakaribishwa kutuandikia kwa ajili ya toleo lijalo.