Saa ya Mzee Imesimama: Tafuta Nambari Kabla ya Kutafuta Spea

Wasomaji wetu, nyumba nyingi hapa kwetu zina saa ya mkono iliyolala sandukuni. Ilikuwa ya baba au ya babu, ikasimama, na fundi akasema ati spea zake hazipatikani tena. Halafu huyo huyo fundi anatoa pesa kidogo aichukue kama mabaki. Msikubali upesi. Saa isiyotumia betri, hata ya miaka 40 au 50, mara nyingi bado hupata spea, bora mjue mnauliza nini.

Jina lililo kwenye uso wa saa halitoshi. Spea hutafutwa kwa nambari ya mashine ya ndani. Kampuni nyingi za Uswisi hazikujitengenezea mashine. Zilinunua kwa watengenezaji kama ETA, AS na FHF, kisha zikaandika jina lao juu. Kwa hivyo saa mbili zenye majina tofauti kabisa zaweza kuwa na mashine moja, na spea ya hii ikaingia kwa ile bila taabu. Alama na nambari huwa imechongwa kwenye bamba la mashine, karibu na lile gurudumu linalocheza kwenda na kurudi, au chini yake. Ni ndogo sana, kwa hivyo mtahitaji kioo cha kukuzia.

Seiko ni rahisi zaidi. Tuchukue Seiko 5, ambazo zilianza kutengenezwa mwaka 1963. Igeuzeni. Mkiona mfunikoni 7009-3040, zile tarakimu nne za kwanza ni za mashine, na zinazofuata ni za kasha. Kuna pia nambari ya pekee ya saa yenyewe. Ikiwa ina tarakimu sita, ya kwanza yaonyesha mwaka na ya pili mwezi. Ikianza na 48, ni Agosti ya mwaka unaoishia na 4, kama 1984. Oktoba huandikwa O, Novemba N, na Desemba D. Lakini mifuniko hubadilishwa, na saa nyingine zimeunganishwa kutoka saa tatu au nne. Mfuniko ukifunguliwa, hakikisheni mashine nayo imeandikwa 7009A.

Kabla ya kununua chochote, jueni kama kweli kuna kilichovunjika. Hiyo 7009 haitiwi ufunguo kwa vidole. Hujijaza mkono unapotembea. Watu huzungusha kitufe, wakaona hakuna kitu, wakasema imekufa, kumbe ni nzima! Itikiseni polepole nusu dakika, kisha mtu aivae siku nzima. Saa ikikimbia mbele dakika nyingi ghafla, huenda imeshikwa na sumaku, labda iliwekwa juu ya spika ya redio. Springi yake nyembamba hunatana yenyewe. Fundi mwenye kifaa cha kuondoa sumaku humaliza kazi hiyo mara moja, bila spea. Na ikichelewa au kusimama-simama, mara nyingi ni mafuta ya ndani yamekauka na kushika vumbi. Hapo dawa ni kufunguliwa na kuoshwa.

Ikiwa kitu kimevunjika kweli, njia ya bei nafuu ni kununua saa nyingine iliyokufa yenye mashine ya nambari hiyo hiyo, na kuitoa vipuri. Angalieni wanaouza mitumba, na ulizeni fundi wazee, ambao huweka mikebe ya mabaki ya miaka mingi. Kwa mashine za Uswisi kuna msaada mwingine: kila kipuri kina nambari ya kazi yake. Kijiti cha kitufe ni 401, springi kuu ni 770, gurudumu linalocheza pamoja na springi yake ni 721. Mkiandika "ETA 2824-2, 401", muuzaji wa nchi yoyote ataelewa.

Vijana wa kikundi wanaotaka kujifunza kazi hii waanze na saa isiyo na thamani. Wasitie mafuta ya kupikia wala ya cherehani. Saa ina mafuta yake, na tone dogo kuliko kichwa cha pini latosha. Wasitumbukize vipande vyote ndani ya spiriti. Vile vito vidogo vinavyogusana na gurudumu la meno hushikwa kwa gundi ya lakiri, na spiriti huiyeyusha.

Kuna saa za kuacha zimefungwa. Hadi miaka ya 1960, nyingi zilipakwa rangi yenye radiamu ili nambari na mishale ing'ae usiku. Leo haing'ai tena, imegeuka kahawia, lakini sumu yake hupungua nusu tu kwa miaka 1,600. Msiikwaruze, msiipulize vumbi, wala msiwape watoto kuchezea.

Mnapopeleka saa kwa fundi, andikeni karatasi mbili zenye nambari ya kasha, nambari ya mashine na kilichokubaliwa kubadilishwa. Moja ibaki kwake, moja kwenu. Mwambieni mapema kwamba vipuri vya zamani mtavichukua, hata kama vimevunjika. Siku ya kuichukua, afungue mfuniko mbele yenu mlinganishe nambari kabla ya kulipa.