Neno safari ni letu, kwa nini tuwaachie watalii?

Ni maneno machache mno ya Kiswahili yaliyotanga ulimwenguni kama neno safari. Sisi wenyewe tulilipata kutoka Kiarabu tukalifanya letu. Waingereza nao walilichukua kutoka kwetu katika karne ya 19. Kufikia mwaka 1909, Theodore Roosevelt, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ametoka katika urais wa Marekani, alipokuja kuwinda katika nchi hii, neno hilo tayari lilikuwa limevikwa maana mpya: Mzungu, bunduki na msururu wa wapagazi. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977 na kamera ikashika nafasi ya bunduki. Maana ya neno, hata hivyo, haikurudi nyumbani.

Wanaisimu huiita hali hii kufinyika kwa maana. Siwalaumu Waingereza kwa hilo, kwani kila lugha inayokopa hukata nguo kulingana na mwili wake. Linalonikera ni kwamba sisi wenye neno tumeukubali ufinyu huo. Mkenya anayekwenda Kisumu kumzika shangazi yake husema yumo safarini, na hakuna anayeshangaa. Lakini mwambie afunge safari kwa gari analoliendesha mwenyewe, akalale porini na kujionea nchi yake, naye atakwambia hayo ni mambo ya watalii.

Mwezi wa Aprili mwaka jana, mimi na walimu wawili wa shule za upili tulikodi gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne ili tuelekee Ziwa Turkana. Karani wa kampuni tuliyoiendea jijini Nairobi aliniuliza kwa heshima zote, "Mwalimu, ni utafiti ama ni mazishi?" Nilipomjibu kuwa ni matembezi tu, alinikazia macho kwa muda kabla ya kuichukua kalamu. Uani, kijana mmoja na mkewe kutoka Ulaya walikuwa wakionyeshwa namna ya kukunjua hema lililofungwa juu ya paa la gari kama letu. Hao hakuna aliyewauliza kama wamefiwa.

Hebu sasa tuitazame njia yenyewe, maana ndani yake mna somo ambalo sijawahi kuliona katika kitabu chochote cha shule. Kipande cha barabara kutoka Isiolo hadi Moyale, yapata kilomita 500, kilikuwa mawe na vumbi kwa miaka mingi, na malori yalikuwa yakisafiri kwa misafara huku yakisindikizwa na askari. Lami ilikamilishwa katika miaka ya 2010. Hivi leo mtu aweza kutoka Nairobi alfajiri, akapita Nanyuki, Isiolo na Archer's Post, na kufika Laisamis jua lingali juu.

Katika siku hiyo moja, msafiri atakuwa amepita katika familia tatu za lugha. Kikuyu na Kimeru ni lugha za Kibantu. Kisamburu ni cha Kinailoti. Kirendille, na mbele yake Kiborana, ni lugha za Kikushi. Ikumbukwe kuwa sehemu kubwa ya Ulaya, ukiondoa lugha chache kama vile Kifini, Kihangari na Kibaski, imo katika familia moja tu. Mwalimu anayetaka wanafunzi wake waelewe maana ya familia za lugha hana haja ya mchoro ubaoni. Awafundishe kusema ngamia: Waborana husema gaala, Warendille gaal, na Wasomali geel. Mwanafunzi atauona undugu huo kwa masikio yake mwenyewe.

Majina ya mahali nayo yanasema. Nairobi ni ufupisho wa Enkare Nairobi, yaani maji baridi katika lugha ya Kimaa. Neno hilo hilo la maji utalikuta tena mbali kaskazini, katika msitu wa Ngare Ndare usio mbali na Isiolo. Ukifika Archer's Post, Kimaa kinakulaki tena katika mto Ewaso Nyiro, ambao jina lake lataja maji ya rangi ya udongo. Mji ulio ukingoni, kwa upande wake, una jina la Geoffrey Archer, afisa wa Kiingereza wa enzi za ukoloni. Hivyo basi, mto unamkumbuka mchungaji na mji unamkumbuka mtawala. Hiyo ni historia ya karne nzima iliyoandikwa kwenye vibao vya barabarani.

Kuna tofauti kubwa kati ya kupelekwa na kujiendesha. Anayepelekwa na dereva wa watalii hana haja ya kuuliza njia. Aliyeshika usukani mwenyewe hana budi. Kila penye njia panda tulisimama, tukaamkia, ndipo tukauliza. Hapo ndipo nilipojifunza kuwa neno mbali halina kipimo kimoja nchini. Mzee mmoja wa Kirendille alituambia kisima hakiko mbali, kisha akanyoosha mkono kuonyesha mahali jua litakapokuwa angani tutakapofika. Mimi nilitaka kilomita, naye akanipa saa za kutembea na ngamia. Kipimo chake kilikuwa sahihi. Sisi ndio tuliohitaji kukigeuza.

Karibu na Ngurunit, chini ya milima ya Ndoto, tulifika kwenye laga, yaani mkondo mpana wa mchanga ambao hupitisha maji wakati wa mvua tu. Jua lilikuwa kali na mchanga mkavu kabisa. Tulikuwa tumekwisha kupunguza upepo katika magurudumu ili tuvuke. Kijana wa miaka kama kumi na miwili, aliyekuwa akichunga mbuzi, alitukimbilia akiwa ameinua fimbo. "Mzee, ngoja," akaniambia. "Maji inakuja."

Tukangoja. Mbuzi wake walikuwa wamekwisha kupanda ukingoni. Baada ya muda usiozidi nusu saa tulisikia mngurumo kama wa lori, na maji mekundu yakateremka na magogo, yakaujaza mkondo ule kutoka ukingo hadi ukingo. Mvua ilikuwa imenyesha milimani, mahali tusipopaona. Kijana alikuwa amezitazama rangi za mawingu na kunusa upepo.

Walimu wenzangu, tufikirini kidogo juu ya sentensi ile. Katika mtihani, "maji inakuja" ingepigwa mstari mwekundu, kwani upatanisho wa kisarufi wadai "maji yanakuja". Nami nitaendelea kuufundisha upatanisho huo, maana Kiswahili sanifu ni hazina ambayo hatuwezi kuitupa. Lakini ilikuwa sentensi ya maneno mawili, iliyosemwa kwa wakati unaofaa, kwa lugha ambayo si ya mama kwa yule kijana wala kwangu mimi. Iliwaokoa watu wazima watatu wenye shahada. Anayeudharau uzungumzaji wa aina hiyo hajapata kusimama mahali ambapo Kiswahili ndicho daraja pekee lililopo.

Kutoka South Horr, bonde lililo kati ya mlima Nyiru na Ol Doinyo Mara, njia huingia katika nchi ya mawe meusi na upepo usiokoma, ambako leo imesimama mitambo 365 ya kuzalisha umeme. Kisha ghafla ziwa hujitokeza. Mwaka 1888 Teleki na von Höhnel walilipa jina la Rudolf, mwana wa mfalme wa Austria. Wasamburu walikuwa wakiliita Basso Narok, maji meusi. Jina la Turkana lilipewa rasmi mwaka 1975.

Pwani ya ziwa, kaskazini mwa Loiyangalani, wanaishi Waelmolo. Lugha yao ya asili, ya jamii ya Kikushi, haizungumzwi tena katika maisha ya kila siku. Leo wanasema Kisamburu. Maji ya ziwa yaliyopanda miaka ya karibuni yamekigeuza kijiji chao cha Komote kuwa kisiwa. Nimewahi kufundisha juu ya kufa kwa lugha katika kumbi nyingi. Kuketi na bibi anayekumbuka maneno machache ya wazazi wake, na ambaye hana wa kuzungumza naye kwa maneno hayo, ni jambo jingine kabisa.

Najua watakaouliza: je, usalama? Je, fedha? Yote mawili ni maswali ya haki. Msafiri wa kaskazini aulize polisi na wenyeji kila asubuhi, asiendeshe gari usiku, abebe maji kuliko anayodhani atahitaji, na magurudumu mawili ya akiba wala si moja. Ama fedha, gari moja hugawanywa na watu wanne au watano, na basi la shule linaloshuka Fort Jesus kila mwaka laweza mwaka mmoja kupanda hadi Marsabit.

Lakini gharama ya kutokwenda nayo ihesabiwe. Kwa miaka mingi watu wa kaskazini walizoea kumwuliza mtu aliyetoka Nairobi, "Kenya hawajambo?" Maneno hayo hayakuzuka hivi hivi. Yana mizizi katika sheria ya mwaka 1902 iliyoiruhusu serikali ya kikoloni kufunga wilaya za pembeni, ili asiingie mtu bila kibali. Yana mizizi pia katika Waraka wa Serikali Nambari 10 wa 1965, ulioelekeza fedha za maendeleo kwenye maeneo yenye rutuba na mvua. Sheria imeondoka na lami imefika. Kilichobaki ni sisi wa kusini kukoma kuishi kana kwamba nchi inakwisha Isiolo.

Nawaomba walimu waanze na jambo dogo. Kila mwanafunzi apewe kazi ya likizo ya kuuliza maana ya majina matano ya mahali, angalau moja likiwa nje ya kaunti yake, na kuandika aliyemwambia na kwa lugha gani. Atakayesafiri kutafuta jibu, ajifunze kwanza kuamkia: serian kwa Wasamburu, nagaa kwa Waborana. Maneno yote mawili yana maana ya amani, na hakuna mlango nilioukuta umefungwa baada ya kuyatamka.