Usirudi Nyumbani na Wavu wa Kwanza

Msomaji mmoja wa Kamembe, wilayani Rusizi, ametuandikia swali nililolipenda kuliko yote ya msimu huu. Anachora katuni kwa simu na kuziweka mtandaoni kipande kwa kipande, na hajawahi kulipwa hata faranga moja. Mkono anao, anasema. Shida ni kwamba kila hadithi yake inaishiwa pumzi ikifika sehemu ya tatu, na kila wazo jipya linalomjia "nimeshaliona mahali." Anauliza: wenzake wanayatoa wapi mawazo, na kichwani yanatengenezwaje?

Habari za programu za kuchorea na ukubwa wa fremu sizigusi. Hayo atafundishwa na jirani yeyote mwenye simu. Wala siingii kwenye ule ubishi wa ubongo wa kushoto na wa kulia, ambao ulishakufa na ungestahili kuzikwa. Nina jambo moja tu la kumwambia, na nimelipenda mno.

Mwaka 1957 wanasaikolojia watatu wa Marekani, Christensen, Guilford na Wilson, walichapisha matokeo ya majaribio mepesi kuliko unavyofikiri. Unampa mtu kazi ya kutaja mawazo, unamwachia muda, halafu unaangalia lipi limekuja lini. Mwanzoni majibu yanamiminika. Dakika zinavyokwenda, yanapungua, yanadondoka moja moja, kimya kinakuwa kirefu. Lakini katika hayo machache ya mwisho, yale ya ajabu, yasiyotajwa na wengine, yanazidi. Jambo hilo limerudiwa kupimwa miaka na miaka, na linajirudia kwa ukaidi wa kufurahisha.

Sababu yake ni namna kumbukumbu ilivyofumwa. Ukitaja "soko", kichwani mwako havilali vitu vyote sawasawa vikisubiri zamu. Soko limefungwa kwa kamba nene na nyanya, kelele, mizani. Kwa kamba nyembamba na harufu ya magunia. Kwa uzi mmoja tu na yule bibi aliyewahi kukurudishia noti uliyoangusha. Neno likiguswa, mtikiso unapita kwanza kwenye kamba nene. Na kwa kuwa kamba hizo zilisukwa na mambo tunayoyaona na kuyasikia sote, nyanya yako na nyanya yangu zinafika pamoja. Mwaka 1962 Sarnoff Mednick alijenga nadharia nzima ya ubunifu juu ya hoja hii: mbunifu ni mtu anayeweza kufikia vilivyo mbali na kuviunganisha. Kamba nene zikishamalizika, akili inalazimika kuacha kuteleza na kuanza kutafuta kwa makusudi: inahama kundi, inakataa lililokwisha kutajwa, inajaribu mlango wa pembeni. Inachosha, ndiyo maana unahisi kuwa umeishiwa.

Ukikaa ufukweni mwa Ziwa Kivu, Rusizi, jioni utawaona wavuvi wa samaki wadogo waitwao sambaza wakitoka: mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu ya mikaratusi, nyimbo, makasia, na taa. Usiku taa inawashwa juu ya maji, wavu umeteremshwa chini yake. Mada yako, iwe soko au harusi, ndiyo taa hiyo. Wa kwanza kuja ni samaki waliokuwa jirani na mwanga, na hao ndio anaowapata kila aliyewasha taa usiku ule. Ukiinua wavu hapo hukukosea; mboga umepata. Ila mvuvi haendi kulala baada ya kuinua mara moja. Anaushusha tena, anangoja, maana walio mbali wanahitaji muda kufikiwa na mwanga. Kina nacho kina mwisho wake. Kivu ni ziwa la peke yake: ukipita mita 60 hivi oksijeni inakatika, na huko chini kumejaa methani na kaboni dioksidi, hakuna samaki anayeishi. Kwa hiyo ukiing'ang'ania karatasi yako mpaka alfajiri utafika mahali unavua gesi tu. (Hata gesi hiyo, wenzetu wa Karongi wanaigeuza umeme kwenye mtambo wa KivuWatt uliozinduliwa 2016. Usitupe karatasi.)

Sasa jina. Wataalamu wana jina refu la jambo hili ambalo, likifasiriwa kama lilivyo, linakuwa "athari ya mpangilio wa mfuatano". Mtu akinisomea hilo redioni, nazima redio. Nilifikiria "mawazo ya baadaye", lakini yananuka mpango wa maendeleo wa miaka mitano. "Mawazo mazamivu" yangefaa, ila uzamivu tumeshawakabidhi wenye shahada zao na hawataturudishia. Napendekeza machelewa: jina la wingi lisilo na umoja, kama mabaki na masalia. Ni yale yaliyofika wageni wengine wakiwa wameshanawa mikono. Yaliyotangulia tuyaite vitangulizi. Watu wa pwani watanikumbusha kwamba chelewa ni vijiti vya ufagio wa mnazi, na mhariri wangu anadai neno lenyewe lina uvivu ndani yake. Nimewasikia wote wawili. Machelewa yabaki.

Ajabu ni kwamba hatuyaamini machelewa hata tunapoyashika mkononi. Mwaka 2015 Brian Lucas na Loran Nordgren wa Chuo Kikuu cha Northwestern walitoa utafiti ambao mchoraji yeyote angepaswa kuubandika ukutani. Wanafunzi waliambiwa wataje vyakula vya sikukuu kwa dakika 10, kisha wakisie wangeongeza vingapi wakipewa dakika nyingine 10. Wakakisia kama 10. Wakaongeza kama 15. Nilipenda zaidi kundi la wachekeshaji waliozoea jukwaa. Hao walipewa mwanzo wa kichekesho: watu wanne wanaangua kicheko jukwaani, wawili wanapigana viganja, ghafla wote wananyamaza, na mmoja anasema… Malizia. Baada ya dakika 4 wakaulizwa wana mengine mangapi tumboni. Nao wakajikadiria chini ya walichoweza, watu ambao kuchekesha ndiyo fani yao! Mwaka 2020 watafiti hao wawili walirudi na matokeo mengine: watu hutarajia ubunifu uporomoke kadiri muda unavyokwenda, wakati kwa kweli unabaki palepale au unapanda. Ugumu tunausoma kama ubovu. Wazo likija kwa shida, tunadhani ni baya.

Kuna siku wavuvi wa sambaza hawatoki: mwezi ukiwa mpevu. Ziwa zima linang'aa, samaki wanatawanyika, taa yako haiwakusanyi. Mwezi mpevu wa mchoraji ni kazi za wengine alizotoka kuzitazama dakika hiyo. Mwaka 1993 Smith, Ward na Schumacher waliwaomba watu wabuni viumbe wa sayari nyingine. Baadhi wakaonyeshwa kwanza mifano michache, yote ikiwa na miguu minne, mkia na vipapasio. Basi viumbe wao nao wakaota miguu minne, mikia na vipapasio. Hata walipoambiwa waziwazi wachore kitu tofauti kabisa na mifano, mikia iliendelea kuota. Ndugu yangu wa Kamembe, saa nzima ya kutembeza kidole kwenye katuni za Korea na Japani kabla ya kushika kalamu ni mbalamwezi tupu. Zisome, lakini zisome ukishachora.

Haya yote yanaeleza kitu ambacho nimekuwa nikikiona katika katuni zetu. Kwa mchoraji wa hapa, kitangulizi cha neno "katuni" si nyumbani kwake. Ni mtu mwenye joho anayeruka juu ya maghorofa, kwa kuwa katuni zenyewe zilimfikia zikiwa zimemvaa huyo. Nyumbani ni machelewa. Tazama alichofanya Barly Baruti, mchoraji mkubwa wa Kongo aliyezaliwa Kisangani mwaka 1959. Mtajie yeyote Vita Kuu ya Kwanza, na taa italeta mahandaki na matope ya Ufaransa. Kitabu cha *Madame Livingstone* cha mwaka 2014, alichokichora kwa hadithi ya Christophe Cassiau-Haurie, kiko Ziwa Tanganyika: rubani wa Kibelgiji anaisaka meli ya Kijerumani Graf von Götzen, ambayo baadaye ikawa Liemba yetu ya Kigoma, na anayemwongoza ni mtu wa huko aliyevaa sketi ya Kiskoti, anayesemekana kuwa mtoto wa Livingstone. Hilo halikuja na wavu wa kwanza, naapa. Vivyo hivyo Ndumilakuwili na Lodi Lofa, wahusika wa katuni za jarida la *Sani*, Dar es Salaam: hakuna aliyeruka angani, na watu walinunua.

Tujaribu kwa karatasi. Andika juu: *daraja la Rusizi*, lile la kuvukia mpaka kwenda Bukavu, Kongo. Vitangulizi hivi hapa: polisi na mfanya magendo, wapendanao wa ng'ambo mbili, shujaa mlinzi wa daraja. Viweke kwenye daraja lolote duniani, vitakaa vizuri tu, na hapo ndipo penye kasoro. Endelea. Mama wa nyanya mwenye madeni pande zote mbili, hajui aanze kumkimbia nani. Mchuuzi anayesema Kinyarwanda akiondoka, Kiswahili akifika, na Kifaransa akikamatwa. Huyu namtaka, mzungushie duara.

Kisha kimya. Kalamu inazunguka vidoleni, simu inaanza kuita kwa macho. Kaa.

Tumesema yanayopita juu ya daraja. Chini yake je? Maji, yanatoka Kivu yanateremkia Tanganyika. Na sambaza? Hao walikuja kinyume na maji: walichukuliwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 wakapandikizwa Kivu, ziwa ambalo halikuwa na samaki wa aina yao. Samaki ambaye kila mtu wa Rusizi anamwita wetu ni mhamiaji! Bibi sambaza anayewachosha wajukuu kwa hadithi za "kule kwetu Tanganyika", wajukuu ambao lafudhi yao ni ya Kivu tupu: tayari pana katuni. Endelea kidogo. Maji hayohayo, mtoni kule chini, yanazungusha mtambo wa Rusizi II, mali ya pamoja ya Rwanda, Burundi na Kongo, unaozalisha umeme tangu mwaka 1989. Basi umeme unaozaliwa pale una uraia wa nchi ngapi? Chora Cheche, mtoto wa mtambo, ametoka tu kuzaliwa, na mbele yake nyaya za kwenda nchi tatu. Afisa anamuuliza: unaelekea wapi?

Hapa ndipo msomaji wetu huwa anakwama, sehemu ya tatu. Nadhani ni kwa sababu wazo linakuwa picha nzuri isiyo na sheria ya kuizalia matatizo. Dawa yake ni taa ileile, umeisogeza tu: sasa mada ni Cheche, na swali ni anaogopa nini. Kuzimwa? Kitangulizi, mwache aende. Giza? Kitangulizi tena, na umeme unaoogopa giza ni kichekesho cha mara moja. Endelea mpaka ufike kwenye waya wenyewe. Waya unapitisha umeme lakini unaupinga, na sehemu ya umeme inageuka joto njiani. Waya ukirefuka, hasara inaongezeka. Sheria hiyo umeipata: kila kilomita inamla Cheche. Ndugu zake wanaochagua balbu ya karibu wanafika wazima. Anayetaka kwenda mbali anajua atafika nusu. Hadithi ya namna hiyo haiishi sehemu ya tatu, kwa kuwa kila safari ina bei yake.

Taa zikianza kufifia, waachie wasomaji wakuwashie. Katuni ya *Shujaaz* ya Kenya, iliyoanza mwaka 2010 na kijana DJ Boyie anayerusha redio yake kutoka chumbani, iliwafanya wasomaji wamwandikie DJ huyo ujumbe kana kwamba ni mtu wa mtaani kwao, na ikashinda tuzo ya kimataifa ya Emmy mwaka 2012. Ujumbe wa msomaji ni mada ambayo kichwa chako kisingejipa chenyewe.

Majaribio niliyoyataja yalifanywa zaidi Marekani, na wapo watu wachache wenye bahati ambao wazo lao la kwanza tayari ni zuri, tuwaombee. Kupumzika nako kunasaidia, tafiti zipo nyingi, ila pumzika ukishashusha wavu, si kabla.

Najua mwalimu wa fizikia ameshanuna tangu alipomwona Cheche akisafiri. Kwenye nyaya za mkondo geu, atasema, elektroni hazisafiri popote; zinatikisika mbele na nyuma mahali pamoja, mara 50 kwa sekunde, huku nishati tu ndiyo inayosonga. Anasema kweli. Basi Cheche hajawahi kuvuka mpaka hata siku moja: amezaliwa ndani ya waya, anatikisika palepale, na barua za safari anazoandikia nyumbani zote ni za uongo. Hiyo nayo ni machelewa, tena ya mwalimu, na kama msomaji wetu haitaki nitaichora mwenyewe.