Howard Green na Ngozi Iliyokuzwa Maabarani

Ngozi ya binadamu hujijenga upya maisha yote, kwa kuwa seli za tabaka lake la nje, liitwalo epidemisi, hupanda kutoka chini kuelekea juu, hukauka na hatimaye kupukutika, na nafasi yake huchukuliwa na seli changa zinazotokana na seli za shina zilizo chini kabisa ya tabaka hilo. Seli ya shina ni ile inayoweza kugawanyika mara nyingi, ikijizalisha yenyewe na papo hapo ikizaa seli zitakazokomaa na kushika kazi maalumu. Ingawa mijadala kuhusu seli hizo mara nyingi huanzia kwenye kiinitete, mojawapo ya tiba za mwanzo kabisa za kukuza seli nje ya mwili na kuzirudisha kwa mgonjwa ilitokana na ngozi, na msingi wake uliwekwa na Howard Green, mzaliwa wa Toronto, Kanada, mwaka 1925, aliyesomea udaktari lakini akatumia maisha yake katika utafiti.

Mwaka 1963, akiwa New York, Green pamoja na George Todaro walitangaza ukoo wa seli za panya ulioitwa 3T3, jina lililotokana na utaratibu wa kuhamisha seli 300,000 katika sahani mpya kila baada ya siku 3. Seli hizo ni fibroblasti, yaani zile zinazotengeneza nyuzi zinazoshikilia tishu, na hakuna aliyezikusudia kwa tiba. Miaka kadhaa baadaye, katika chuo cha MIT huko Massachusetts, Green na mwanafunzi wake James Rheinwald walikuwa wakichunguza teratoma, uvimbe wenye mchanganyiko wa tishu za aina nyingi, walipoona kwamba makundi ya seli zinazofanana na za epidemisi yalistawi pale tu yalipokuwa na fibroblasti jirani. Uzito wa jambo hilo haukuwa katika bahati ya kuliona, bali katika uamuzi wa kuacha uvimbe na kulifuata.

Kikwazo kilichowasumbua watafiti wa ngozi kilikuwa kwamba kipande chake kikiwekwa katika sahani, fibroblasti za binadamu huongezeka upesi na kuzizidi keratinosaiti, ambazo ndizo seli kuu za epidemisi. Green na Rheinwald walizipiga mionzi seli za 3T3 ili ziendelee kuishi bila kugawanyika, wakazitandaza kama godoro, kisha wakapanda keratinosaiti juu yake. Nazo zikapata lishe na msaada, huku fibroblasti za binadamu zikidumazwa. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1975, na kufikia 1979 kundi la Green liliweza kutumia kimeng'enya kuzibandua seli zilizoungana zikiwa utando mzima unaofaa kupandikizwa.

Mwaka 1983 ndugu wawili wadogo, walioungua zaidi ya asilimia 95 ya ngozi, walitibiwa huko Boston kwa utando uliokuzwa kutokana na vipande vidogo vya ngozi yao wenyewe, hivyo kinga ya mwili haikuukataa, nao wakapona. Ikumbukwe kwamba ngozi hiyo haina vinyweleo wala tezi za jasho, na kwamba demisi, yaani tabaka la chini linaloipa ngozi uimara, haikuzwi kwa njia hii.

Hata hivyo, kazi ya Green yenye kina zaidi huenda ni ile ya mwaka 1987, ambapo yeye na Yann Barrandon walionyesha kuwa keratinosaiti hazilingani, kwani kila moja huzaa kundi la seli la aina yake: holokloni huzaa vizazi vingi mno, parakloni huchoka baada ya migawanyiko michache, na merokloni ziko katikati. Kwa hiyo pandikizi lisilo na holokloni za kutosha litashika kwa muda, kisha litapotea. Graziella Pellegrini na Michele De Luca, waliopitia maabara yake, walitumia maarifa hayo kurudisha uso wa konea, kioo cha mbele cha jicho, na walichapisha matokeo ya wagonjwa wawili wa kwanza mwaka 1997.

Green alifariki mwaka 2015, mwaka uleule ambao mtoto wa miaka 7 huko Bochum, Ujerumani, aliyepoteza sehemu kubwa ya epidemisi kwa ugonjwa wa kurithi, alipandikizwa ngozi iliyokuzwa kutokana na seli zake mwenyewe, ambazo kundi la De Luca lilikuwa limezitia nakala nzima ya jeni yenye kasoro. Kwa kuwa nakala hiyo ilijipachika mahali tofauti katika kila seli, watafiti waliweza kufuatilia nasaba za seli hizo, na ripoti yao ya mwaka 2017 ilionyesha kwamba epidemisi yote mpya ilitegemezwa na idadi ndogo ya seli za shina zinazodumu, zile zizaazo holokloni.