Hesabu ya upepo: Tangi moja hujaza mitungi mingapi?

UMEME unapokatika siku ya gulio, mwenye kompresa hubaki na bidhaa moja tu ya kuuza: upepo uliokwisha kuingia kwenye tangi. Mafundi pancha wanaozunguka vijijini kwa baiskeli hupanga foleni na mitungi yao midogo, na swali huwa moja: tangi hili litajaza mitungi mingapi?

Wengi hujibu kwa kugawanya lita. Tangi ni la lita 200, mtungi ni wa lita 20, basi ni mitungi 10. Mwenye tangi hupokea fedha za watu 10, na kabla ya kumfikia wa mwisho ugomvi umekwisha kuanza.

Hesabu hiyo ingefaa kama angekuwa anauza mafuta ya taa. Upepo hutoka penye presha kubwa kwenda penye presha ndogo, na pande zote mbili zikilingana husimama. Kwa hiyo hakuna mtungi unaoweza kutoka na presha kuliko ile iliyobaki kwenye tangi, na kila unaojazwa humshushia kidogo anayefuata.

Jinsi ya kukokotoa

Kanuni yake ni ya zamani. Robert Boyle wa Uingereza aliitangaza mwaka 1662, na fundi anaweza kuitumia kwa kalamu na karatasi. Zidisha lita za tangi kwa presha yake. Zidisha lita za mtungi kwa presha iliyosalia ndani yake. Jumlisha majibu hayo mawili, kisha gawanya kwa jumla ya lita za vyombo vyote viwili.

Tuseme tangi la lita 200 linasoma paundi 120 kwenye geji. Fundi analeta mtungi wa lita 20 uliobaki na paundi 30, kwa sababu ukifika hapo hauwezi tena kujaza tairi la pikipiki linalohitaji paundi 30. Mara 200 kwa 120 ni 24,000. Mara 20 kwa 30 ni 600. Jumla ni 24,600, na ukigawanya kwa 220 unapata karibu paundi 112.

Tangi nalo sasa lina paundi 112, na hapo ndipo hesabu ya mtungi wa pili inapoanzia. Kama kila fundi analeta mtungi wenye paundi 30, wa pili utapata 104, wa tatu 98, wa nne 91, wa tano 86, wa sita 81 na wa saba 76. Ikiwa wateja hawakubali chini ya paundi 80, tangi hilo linajaza mitungi sita, si 10.

Nani anapata hasara?

Chukulia kuwa tairi la pikipiki lina nafasi ya lita sita. Kulijaza kutoka sifuri hadi paundi 30 hushusha mtungi wa lita 20 kwa paundi tisa. Fundi wa kwanza, mwenye paundi 112, atajaza matairi tisa. Wa sita, mwenye paundi 81, atajaza matano.

Kama kila mmoja amelipa shilingi 500 na anatoza shilingi 200 kwa tairi, wa kwanza anabaki na shilingi 1,300 na wa sita anabaki na shilingi 500. Wamelipa sawa, lakini hawakununua kitu sawa. Dawa yake ni kuuza kwa geji: mteja alipie paundi zilizoongezeka kwenye mtungi wake, mwenyewe akiona.

Baada ya mtungi wa sita, mwenye tangi asidhani upepo umekwisha. Paundi 81 kwenye lita 200 zinatosha kujaza matairi 56 ya aina hiyo moja kwa moja pale kibandani. Ni afadhali afunge biashara ya mitungi na kuhudumia pikipiki hadi umeme urudi.

Matangi mawili ni bora kuliko moja

Anayepanga kununua tangi la lita 200 afikirie kununua mawili ya lita 100, kila moja na koki yake. Mtungi uanze kujazwa na tangi lenye presha ndogo, kisha umalizie kwenye lenye presha kubwa. Vituo vinavyojaza mitungi ya wazamiaji hutumia njia hiyo. Kwa mfano wetu, mtungi wa sita utapata paundi 90 badala ya 81, na wa saba utapata 84. Upepo ni uleule, lakini mteja mmoja ameongezeka.

Tahadhari

Mtungi ukijazwa haraka hupata joto na geji husoma juu, ukipoa hushuka. Subiri dakika chache kabla ya kupokea fedha. Fungua koki ya chini ya tangi kila siku kutoa maji, kwani huleta kutu na kula nafasi ya upepo. Mtungi uwe umetengenezwa kwa ajili ya upepo, uhimili presha ya tangi na uwe na vali ya usalama. Chombo cha kubahatisha kikipasuka, hasara yake haikokotolewi kwa paundi wala kwa shilingi.