Kuzamia, Mtungi na Risasi: Mzamiaji wa Nairobi katika Maji Baridi ya Ng'ambo

Uzamiaji wa kisasa, yaani kuogelea chini ya maji huku mtu akipumua hewa iliyoshindiliwa mtungini, ni fani ambayo Kiswahili cha bara hakijaizoea. Mwambao una usemi wake wa kale, kupiga mbizi, na wavuvi wa pweza na kambamti wanaufahamu vyema. Kibera na Kawangware, kwa upande mwingine, maji ni bidhaa inayonunuliwa kwa mtungi wa lita 20. Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953 kando ya Kibera na ambalo zamani lilikuwa uwanja wa mashua za tanga, lilikuja kumezwa na magugu maji na taka. Hata hivyo, tuchukulie kijana wa Kawangware aliyejifunza kuzamia Diani au Watamu, na ambaye sasa anapanga kuyaendea maji baridi ya ng'ambo. Makala haya yananuia kueleza anachopaswa kukijua, pamoja na maneno atakayoyahitaji ili aeleweke mtaani kwao.

Mahali panapomfaa ni Cape Town. Tangu Januari 2023, mwenye pasipoti ya Kenya huruhusiwa kuingia Afrika Kusini bila viza kwa muda usiozidi siku 90 kwa mwaka. Ila asitangaze ovyo kwamba anakwenda "kuzamia Sauzi". Katika bandari za Afrika Mashariki, kuzamia ni kujificha melini ili kusafiri bila idhini, na Cape Town yenyewe imewahi kuwa makazi ya vijana wa Kitanzania walioishi ufuoni na chini ya madaraja wakivizia meli. Neno mzamiaji, ambalo lilimfaa mtafuta lulu, sasa linabeba pia maana ya msafiri wa magendo.

Suala la msimu linataka uangalifu. Mtu wa Nairobi hudhani kwamba Desemba, kiangazi cha kusini, ndiyo majira ya maji yenye joto. Upande wa Atlantiki mambo ni kinyume: upepo wa kusini-mashariki huyasukuma maji ya juu mbali na pwani, na maji ya kina kirefu huibuka kuchukua nafasi yake, hata halijoto ikashuka hadi nyuzi 10 hivi. Katika ghuba ya False Bay, karibu na Simon's Town, maji huwa safi zaidi wakati wa kipupwe, Juni hadi Agosti, yakiwa na nyuzi kama 13 hadi 15. Bahari ya Mombasa huwa na nyuzi 25 hadi 29. Tofauti hiyo si ndogo, kwa sababu maji hunyonya joto la mwili upesi zaidi kuliko hewa, takriban mara 25.

Kwa hiyo vazi jepesi la Diani halifai. Huhitajika vazi la mpira lenye unene wa milimita 5 hadi 7, pamoja na kofia na glavu. Mpira mnene huelea, na ili azame mvaaji hana budi kuongeza risasi kiunoni. Hapa pana jambo la kuchekesha kidogo: risasi katika Kiswahili ni madini kabla ya kuwa kitu cha bunduki, lakini sikio la Kibera husikia bunduki tu. Heri azikodi huko huko kuliko kuzitaja uwanja wa ndege.

Ama kuhusu mtungi, neno hili lina utajiri ambao wanaistilahi wangefaa kuutumia badala ya kutunga neno jipya. Nairobi kuna mtungi wa maji na mtungi wa gesi, na katika lugha ya vijana "kupiga mtungi" ni kulewa. Mtungi wa hewa unaingia humo bila shida. Wenye ujazo wa lita 12, ukijazwa kwa shinikizo linalozidi la angahewa mara 200, hubeba takriban lita 2,400 za hewa, sawa na mitungi 120 ya maji ya Kawangware. Lakini kila mita 10 za kina huongeza shinikizo la angahewa moja. Kwa hiyo katika mita 20 hewa hiyo huisha mara tatu upesi zaidi kuliko juu. Baridi nayo humfanya mtu apumue kwa kasi. Anayepanga kukaa chini dakika 45 kama alivyozoea Watamu apunguze hesabu yake.

Hatari kubwa zaidi humngoja safarini kurudi. Chini ya maji, naitrojeni huyeyuka mwilini. Shinikizo likipungua ghafla, hufanya viputo viwezavyo kulemaza au kuua. Ndiyo maana aliyezamia siku kadhaa hushauriwa angoje angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege. Wakazi wa Nairobi wana sababu ya ziada ya kulikumbuka hili, kwani jiji lao liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Anayefanya mazoezi Diani asubuhi kisha akapanda treni ya jioni kutoka Mombasa huwa amepanda mlima, ijapokuwa hakuiona ndege.