Nani amekaza boloni? Kazi ya kumsaidia piloti asiyelipwa

Mtu akisikia "mbio za magari" anawaza Formula 1: kundi la watu wenye nguo za rangi moja, tairi nne zinabadilishwa kwa sekunde mbili, na tajiri fulani analipa yote. Mbio ninazoendaka mimi mu wikendi haziko vile. Kule piloti njo mwenye gari, njo mwenye kulipa, na mara nyingi njo mwenye kuvuta remoroki iliyobeba ile gari. Timu yake ni mtu mmoja ao wawili wanaomsaidia bure. Mimi ni mmoja wao. Kila nikionyesha picha za padoki, bandugu wananiuliza kama ninalipwa (hapana) na kama mimi pia ninaendesha (hapana tena). Basi wanauliza: sasa unaendaka kufanya nini? Ni swali la haki, na jibu lake halijulikani sana, ata kwa watu wanaopenda mbio.

Piloti wangu ni mukubwa mmoja wa Bukavu, muuguzi hapa Ubelgiji. Gari yake ni Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, ile iliyoonyeshwa Chicago mwaka 1989: viti viwili, moteri ya lita 1.6, uzito chini ya tani moja. Nguvu yake haitishi mtu, karibu farasi 115 wakati inatoka kiwandani. Lakini watu wa mfuko mdogo wanaipenda juu ni nyepesi. Gari nyepesi haimalizi tairi na freni haraka, vipuri vyake vinapatikana, na kazi mingi unaweza kuifanya chini, ukiwa na kriki, stendi nne na sanduku la funguo.

Tunaendaka sana Zolder, mu jimbo la Limburg. Wazee wanaijua juu Grand Prix ya Ubelgiji ilifanyika pale mara 10 kati ya 1973 na 1984, na juu njo pale Gilles Villeneuve alipata ajali iliyomuua tarehe 8 Mei 1982, mu majaribio ya kutafuta nafasi ya kuanzia. Leo kuna kona zenye jina lake. Mzunguko mmoja ni karibu kilometa 4, na tabia yake ni moja: kimbia, shika freni kwa nguvu, pinda, kimbia tena. Spa-Francorchamps, yenye zaidi ya kilometa 7, inakutesa kwa mvua inayonyesha upande mmoja wa msitu wakati upande mwingine jua linawaka. Zolder inakula freni. Mulishike hili neno, tutalirudilia.

Siku inaanza mapema, na inaanza na makaratasi. Leseni ya piloti, karatasi ya kujiandikisha, kisha kontroli ya ufundi. Wakaguzi wanaangalia kaske, nguo zisizoshika moto, kifaa cha kulinda shingo kinachoitwa HANS, mikanda ya kiti. Mikanda ile ina tarehe ya mwisho iliyoshonwa juu yake. Tarehe ikipita, ata kama mukanda unaonekana mupya, hauendi. Wanatafuta kizima-moto, ndoano ya kuvutia gari, na swichi ya kukata umeme yenye alama ya radi nyekundu mu pembetatu ya bluu, ili mtu wa usalama aione haraka gari ikipata ajali. Kazi yangu ni kuhakikisha kwamba wakaguzi hawakuti kitu ambacho mimi sikukiona wiki mbele, mu garaji. Piloti anayegombana na mkaguzi asubuhi amekwisha kupoteza nusu ya akili yake kabla moteri haijawaka.

Kisha tairi. Hapa waliosoma fizikia watafurahi. Hewa ndani ya tairi ikipata moto, presha inapanda, na tairi ya mbio inashika lami vizuri kwa presha fulani tu. Kwa gari yetu tunatafuta karibu bar 2.1 tairi ikiwa ya moto. Basi utie ngapi ikiwa baridi? Presha ya kipimo siyo presha yote. Lazima uongeze bar 1 ya hewa ya inje. Ukitia 1.8 asubuhi mu baridi ya digrii 20, ndani kuna 2.8. Hewa ile ikifika digrii 60, unachukua 2.8, unazidisha mara 333, unagawanya kwa 293, unapata karibu 3.18. Ondoa ile bar 1: kipimo kitasoma 2.18. Imepita kidogo. Basi tunaanza na 1.7 na kitu, gari inatoka, inarudi, na mimi ninapima paka pale pale inaposimama, juu ukingoja dakika tano tairi imepoa na namba inakudanganya. Ninaandika mu daftari: saa, joto la hewa, presha ya kila tairi mbele na kisha. Tairi za kushoto zinapata moto zaidi mu sirkiti yenye kona nyingi za kuume, kwa hiyo namba nne hazifananaki.

Nilifundishwa hesabu hii kwenye ubao mu mwaka wa tano wa sekondari, nikaifanya mutihani, nikaisahau. Sikujua kama siku moja mtu atakaa juu yake na kukimbia kilometa 160 kwa saa.

Boloni za magurudumu nitazisema kwa ufupi, juu hakuna siri: unakaza kwa nyota, siyo kwa kuzunguka, unamaliza na ufunguo wa kipimo, sisi tunautia kwenye 110, na kisha ya kutoka mara ya kwanza unakaza tena. Lenye maana ni hili: mtu mmoja tu njo anakaza, na yeye mwenyewe njo anaweka alama mu daftari. Wakikaza wawili, kila mmoja atafikiri mwenzake amemaliza. Ata piloti akiniuliza "Umekaza?", simujibu kwa kichwa. Ninafungua daftari ninamuonyesha.

Esanse pia ni hesabu. Mbio ya dakika 20 pale Zolder ni karibu mizunguko 10, kilometa 40. Gari ikikimbizwa vile inakunywa mara tatu kuliko mu barabara, basi lita 10 zinakaribia kutosha, na tunaongeza za kuogopea. Kwa nini tusijaze tanki? Juu kila lita 10 ni kilo 7 na nusu, na kilo zile utazibeba kila kona. Lakini mbio ikiisha gari inapimwa mu mizani pamoja na piloti, na ikipunguka uzito ulioandikwa mu sheria, matokeo yanafutwa. Kwa hiyo siyo kupunguza tu. Ni kujua utabaki na ngapi.

Sasa turudi ku freni. Mafuta ya freni yanavuta maji mu hewa, polepole, ata kama gari imelala. Mafuta ya aina ya DOT 4 yakiwa mapya yanapaswa kuvumilia angalau digrii 230 kabla ya kuchemka. Yakishavuta maji, kipimo cha chini kinashuka paka 155. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabanwa kama puto: piloti anakanyaga, pedali inaenda chini, gari haisimami. Njo maana tunabadilisha mafuta yale mbele ya kila wikendi ya Zolder, ata kama yanaonekana safi. Wengine wanatucheka kama tunatupa pesa. Wacheke.

Msimu uliopita, kisha ya majaribio ya nafasi, mukubwa alikuwa wa 6. Wa 6 kati ya magari zaidi ya ishirini! Hajawahi kuanza mbele vile. Yeye alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki anakunywa maji, mimi ninapangusa magurudumu. Nyuma ya gurudumu la mbele la kushoto, kitambaa kikarudi na unyevu. Nikapangusa tena, nikamwomba akanyage pedali. Unyevu ukarudi, pale mupira wa mafuta ya freni unapoingia mu chuma. Ilikuwa kitone kimoja, hakifiki ata machozi ya mtoto.

Kabla ya mbio zilibaki dakika 35. Hatukuwa na mupira mwingine. Akainama, akaangalia, akasema: "Mudogo, iko kidogo tu. Ni dakika makumi mbili. Nitaendesha pole."

Hakuna piloti anayeendesha pole, na yeye alijua kama mimi ninajua. Nikamwambia: "Mukubwa, haitoki."

Inabidi nieleze kwa nini neno langu lilikuwa na nguvu, juu kwa umri na kwa mfuko mimi ni mudogo pale. Mu desturi yetu mudogo hamukatazi mukubwa kitu mbele ya watu, tena kitu alicholipia. Lakini siku ya kwanza nilipokubali kumsaidia, tulipatana nyumbani kwake, bibi yake akisikia: mu mambo ya freni, magurudumu, usukani na mikanda, mmoja wetu akisema hapana, ni hapana, hata kama mwingine hakubali. Kugombana itakuwa jioni. Mapatano yale tuliyafanya na akili baridi, mbali na kelele, juu mtu aliyevaa kaske hawezi kupima mambo sawasawa. Ametumia pesa ya miezi, ameomba siku za mapumziko kazini, jina lake limeandikwa nafasi ya 6. Akili yake yote inamusukuma mbele, na njo inavyopaswa kuwa. Piloti mwenye mashaka ni hatari pia. Basi lazima mashaka yakae kwa mtu mwingine. Kazi yenyewe njo hii, na ile ya kubeba tairi inaweza kufanywa na yeyote.

Alitupa gwanti zake chini. Alinyamaza. Mbio ya kwanza tuliitazama tukiwa tumesimama kwenye ukuta, nafasi ya 6 ikiwa wazi kama jino lililongooka. Nani alituletea mupira? Mtu wa nafasi ya 7, mwenye MX-5 kama yetu. Alimaliza mbio, akafungua remoroki yake akatupatia ule wake wa akiba. Mu padoki hizi ni kawaida: unamkopesha adui wako kifaa, kisha unaenda kupigana naye mu kona. Tukauweka, tukatoa hewa mu mafuta, mimi nikikanyaga na yeye akifungua. Kwa mbio ya pili tulianzia mwisho kabisa. Alimaliza wa 11.

Wakati wa mbio yenyewe msaidizi ana kazi ndogo, lakini inataka macho. Timu nyingi za chini hazina redio, basi unasimama kwenye ukuta na ubao: nafasi, mizunguko iliyobaki, sekunde kati yake na wa mbele. Mambo matatu, siyo zaidi. Anausoma akipita mbio sana. Unaangalia pia bendera. Njano ni hatari mbele, hakuna kupita mtu. Bluu, kuna mwenye mbio zaidi nyuma yako. Njano yenye mistari nyekundu, lami inateleza. Ile nyeusi yenye duara la rangi ya chungwa, ikionyeshwa na namba ya gari yako, maana yake gari ina ubovu unaoonekana toka inje, na piloti lazima aingie. Ukiiona, anza kutafuta kriki.

Na ujue kunyamaza. Dakika kumi mbele ya mbio simwambii kitu isipokuwa saa. Mashauri ya namna ya kushika kona, habari za nyumbani, simu ya binamu wa Kinshasa anayeomba pesa: vyote vinangoja.

Kisha ya mbio usiguse gari. Inapelekwa mahali pa kufungiwa mpaka wakaguzi wamalize, na msaidizi anayekimbilia kupima tairi mule ndani anaweza kumfutia piloti matokeo yake.

Pesa? Hakuna. Mshindi anapewa kikombe. Mukubwa ananilipia chakula na njia. Kwa vijana wa hapa wanaouliza namna ya kuingia: vaa viatu vilivyofungwa, nguo za pamba, fika mbele ya wote, uliza nani ana gari mbili na mikono miwili. Yuko kila mara. Hawatakuuliza diploma. Watakuuliza kama una permi ya BE, ile ya kuvuta remoroki nzito, juu jioni ya Jumapili piloti amechoka na ni lazima gari irudi nyumbani. Mimi niliitafuta mu mwaka wa kwanza. Sasa toka Zolder mpaka Liège ninaendesha mimi, daftari likiwa juu ya dashibodi na kazi za wiki zimekwisha andikwa, na mukubwa anakuwa amelala kabla hatujafika Hasselt.